Wafariji Waliokuja Nilipougua Jipu la Koo

Ndugu zangu, mimi ni Rebeka, mke wa Yona, wa hapahapa Mpwapwa. Nilikuwa mzima, natwanga uwele asubuhi na kulima mpaka jua la utosi. Vijana wetu walipochukuliwa na Wadachi kujenga reli, ndipo koo langu lilipoanza kuwasha.

Likavimba upande mmoja kama nimeficha yai. Kinywa hakifunguki, mate hayamezeki, yananichuruzika kidevuni na kunuka. Mganga wa misheni akachungulia. "Jipu hili. Likipasuka utapona. Likizidi kuvimba litakuziba pumzi."

Wafariji wakaja. Jirani yangu Mama Eliya akasema, "Dada yangu aliugua hivihivi. Tulimzika Ihumwa." Shemeji yangu Mathayo akanihimiza nitubu, akanitajia dhambi zangu, nyingine ndiyo kwanza nazisikia. Nikalia. Wakanikemea, "Nyamaza!" Mimi ambaye hata kusema siwezi!

Kisha akaingia Bi Zaituni, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akituuzia chumvi. Akaketi chini. "Pole, mwenzangu. Panauma wapi?" Nikaonyesha. "Unaogopa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanishika mkono, akatulia kimya. Siku hiyo nikapata usingizi.

Kesho yake alipokuwa nami, tukawasikia Mathayo na Mama Eliya uani wakibishania ng'ombe wa matanga yangu.

"Tuchinje yule mweupe."

"Mweupe ana mimba! Mwekundu."

"Mwekundu si wetu!"

Bi Zaituni akanitazama. Kicheko kikanipasuka, na jipu nalo likapasuka. Akaniinamisha, nikatema usaha na damu, bakuli zima. Neno langu la kwanza lilikuwa, "Msichinje!" Uani wakatimua mbio.

Nilipopona, misheni ikatafuta wanawake wa kuwaliwaza wagonjwa. Nikamwomba Bi Zaituni anifundishe. "Uliza," akasema, "halafu funga mdomo." Kuuliza nilikuweza upesi. Kufunga mdomo, jamani, ni kazi kuliko kutwanga.

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee Chidawali, mwenye kidonda cha mguu kisichopona. Nikamwamkia, nikamuuliza hali, nikanyamaza. Akashtuka.

"Mbona hunihubirii? Ndiyo nakufa?"

"Hapana, baba. Nakusikiliza."

Akakohoa. Kisha akaniambia taratibu kwamba dawa ya mguu alikuwa akimpaka ndama wake, kwa kuwa ndama naye ana kidonda. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Namshukuru Mungu, na Bi Zaituni pia. Mnaougua, msikate tamaa. Mnaowatembelea, ulizeni, kisha mngojee jibu. Mzee Chidawali sasa anatembea vizuri, ingawa ndama ndiye aliyetangulia kupona.