Uwele Kwenye Ncha ya Uwanja

Mafuta ya ndege yakichanganyika na udongo wa mvua ya kwanza hutoa harufu ya kutia kichefuchefu, lakini mimi nikiinusa hadi leo nahisi njaa. Tulikaa Miyuji, jirani na uwanja wa ndege uliotumiwa na raia na jeshi pamoja. Madege ya kijani ya jeshi yakiruka, mabati yetu yalitetemeka. Mwaka ule baba alikuwa amepunguzwa kazi. Maduka ya mjini yalifurika sabuni za kunukia na redio mpya, kila mtu anasema mambo yamefunguliwa, na kwetu debe la unga linakwanguliwa chini. Mama akaenda kwa meneja wa upande wa raia, akapewa kipande cha kulima kwenye ncha ya uwanja, kwa sharti la mazao mafupi tu. Sasa Mgogo bila uwele atasonga nini? Akapanda karanga mistari miwili ya mbele, za kuonekana. Nyuma, uwele mtupu.

Mvua ilikubali. Uwele ukanipita kimo, nami nikashinda shambani nikifukuza ndege kwelea kwa kugonga kopo. Masuke yalikuwa yameanza kushika maziwa sajini mmoja alipokuja na vijana wake.

“Mama, si uliambiwa karanga?”

“Karanga inasongwa ugali, mwanangu?”

Vijana walicheka. Yeye hakucheka. “Rubani haoni taa. Fyeka leo.”

“Meneja kaniruhusu.”

“Meneja ana ndege zake. Ncha hii ni yetu.”

Tukakimbia kwa meneja. Hata hakuinua kichwa. Akasema hayo ni ya jeshi. Mama akaomba wiki tatu tu, uwele ukomae. Wapi! Tuliufyeka wenyewe, mimi na yeye, sajini amesimama kivulini. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Wale hawakupigana hata kidogo, walielewana vizuri kabisa. Tulikula mboga ya mlenda mtupu, bila ugali, miezi mingi, na mdogo wetu wa mwisho hakuyafikia mavuno yaliyofuata.

Leo nina mtoto wangu mgongoni na nyumba ya vyumba viwili huku huku Miyuji. Kidato cha nne nilimaliza, barua naweza kuandika, nimeandika nne za kuitetea nyumba hii. Wiki iliyopita wamechora X nyekundu ya kubomolewa ukutani kwangu, uwanja unapanuliwa. Nikamuuliza mwenye brashi katumwa na nani, raia au jeshi.

“Dada, mimi nimepewa rangi tu.”

Akahamia ukuta wa jirani.