Jina la Herufi Ndogo

Mungu anisamehe, nimesikiliza maneno yasiyonihusu. Nilikuwa kwenye karakana ya mabango huko mtaa wa Ghala. Jua limeingia dirishani, herufi za chuma zinang'aa sakafuni, nami naziangalia kama niliye usingizini. Akaja binti kukagua jina la kituo chao cha utafiti wa teknolojia.

"Hata herufi ya kwanza ndogo?" fundi akamuuliza.

"Zote ndogo, ami. Tumekubaliana, kwetu hakuna aliye juu ya mwenzake."

Simu yake ikalia. Sauti ya mkurugenzi wao tukaisikia sote: anataka na jina lake liwekwe chini ya lile la kituo, kwa herufi kubwa.

Binti akaipapasa herufi moja taratibu, kama mtoto aliyelala. Kazini mwenyewe, alivyomwambia fundi alipoingia, bado yumo kwenye muda wa majaribio.

"Na lako tuliandike dogo kama letu, bwana?"

Akaiteremsha simu sikioni.

"Kasemaje?" fundi akauliza.

"Kafunga simu."

"Basi nichonge zipi?"

"Ndogo, ami. Lawama yangu."

Mimi mwandishi, gazeti likitoka hutafuta kwanza jina langu. Wewe unayepita mtaa wa Qurum, kilipo kituo chao, nakuomba: bango likishatundikwa, ingia uulize kama binti yule bado yupo kazini, kisha uniambie.