Mafuta ya Cherehani

Mume wangu wanamwita Fundi Taratibu, na waliompa jina hilo hawakumsingizia. Ukimletea redio leo, ataitazama mpaka kesho ndipo akumbuke kutafuta bisibisi. Mimi ndiye ninayekaa mbele ya duka kuwapoza wateja, kwa hiyo najua ninachosema. Lakini mambo ya wiki iliyopita yamenifunga mdomo, na mimi si mtu wa kufungwa mdomo kirahisi.

Alikuja mzee mmoja mshonaji pamoja na bintiye, mwanamke wa makamo aliyeanza kuota mvi. Walikuwa wamebeba rekoda ya zamani, ile yenye magurudumu mawili ya kanda juu yake, nzito ajabu. Mke wa mzee alifariki binti akiwa na miezi minne. Sauti yake imo kwenye kanda moja tu, na rekoda iligoma kabla binti hajaanza shule. Hakumbuki kumsikia mama yake akisema hata neno moja.

"Miaka yote hiyo hamkuipeleka kwa fundi?" nikauliza.

"Baba hakutaka mtu aiguse," binti akasema. "Amekubali juzi tu."

"Nimeitunza mwenyewe," mzee akadakia. "Kila Jumamosi naipa tone la mafuta, kama cherehani yangu. Ikizidi kugoma, naongeza."

Mume wangu hafungui kitu kabla hajakinusa. Nimemcheka kwa hilo tangu tuoane. Akainama, akanusa pembe zote nne, kisha akachomeka waya kwenye umeme. Mota ikanguruma vizuri tu, lakini magurudumu hayakusogea. Akazima, akafungua mfuniko, nami nikachungulia begani kwake.

Ndani kulikuwa kunang'aa mafuta. Mkanda wa mpira unaotoa nguvu kwenye mota ulikuwa umelowa na kulegea, na kile kigurudumu cha raba kinachobana kanda kilikuwa kinateleza kama sabuni. Hata mimi nisiye fundi nilielewa. Cherehani ni chuma na chuma hupenda mafuta, lakini raba inataka ukavu. Mzee wa watu alikuwa ameiua kwa mapenzi, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa zaidi ya miaka arobaini.

Nikafungua mdomo. Mume wangu akanitupia jicho, nikaufunga.

"Mzee," akasema, "humu ndani hamna kutu hata chembe. Mashine za umri huu huja kwangu zimeliwa zote."

Mzee akajiweka sawa kwenye kiti. Na haukuwa uongo, chuma chote kilikuwa kizima kabisa. Mimi ningetafuta mwaka mzima nisilipate neno hilo.

Alifanya kazi kwa saa mbili, kwa spiriti na pamba, akifuta kila jino na kila tundu. Mkanda mwingine aliuchomoa kwenye lile rundo lake la redio zilizokufa, ambalo nimeapa mara kumi kulitupa. Hakuthubutu kuanza na kanda ya mzee. Alijaribu na kanda mbovu mara tatu, mpaka alipoona haikwami wala haitafunwi. Ndipo akaivika yenyewe, taratibu kuliko taratibu zake zote, na kabla ya kubonyeza akaegemeza mikono mezani kidogo. Nilimwona, alikuwa anaogopa.

Magurudumu yakazunguka. Kikatoka kishindo kidogo, kisha sauti ya msichana, karibu kabisa, kama vile amesimama mlangoni.

"Imeshawaka? Sasa mimi niseme nini na kidude?"

"Sema chochote," mwanamume akajibu huku anacheka. Nikamtazama mzee. Kicheko kilikuwa chake.

"Zima bwana. Utamwamsha mtoto, ndiyo kwanza amelala."

Sijawahi kuona kitu kikubwa kama hicho kikitokea kwenye meza yenye vumbi, na aliyekifanya ni mume wangu huyu huyu, anayesahau alipoweka kandambili zake.

Kanda ikaendelea. Yule mama hakusema tena, ila tulisikia akitembea, kitanda kikilia, na pumzi ndogo ya mtu aliyelala. Binti alikuwa ameinamia spika, mkono mdomoni. Mume wangu akanyoosha mkono polepole, akazima feni. Hakuna aliyethubutu kukohoa, wala huyo mtoto mwenyewe mwenye mvi, mpaka kanda ikaisha.