Hasira Iliyoficha Cheti

Mwalimu Breki hakupewa jina hilo kwa sababu ya upole wake, ingawa upole anao wa kugawa. Alipewa kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Miaka ishirini na mbili amekaa kiti cha abiria kwenye gari la kufundishia udereva, miguuni pake kuna breki ya pili ya kumwokoa yeye, mwanafunzi na wapita njia, na mguu umezoea kazi mpaka haumwombi tena ruhusa mwenyewe. Mtoto wa jirani akikimbia sebuleni, mguu unakanyaga zulia. Mkewe akipitisha sufuria ya moto karibu na ukingo wa meza, unakanyaga. Kwenye kikao kimoja cha ukoo alimkanyaga shemeji yake mara mbili, eti kwa sababu msemaji alikuwa anaelekea pabaya. Shemeji alimsamehe, ila tangu siku hiyo hukaa kushoto kwake.

Sauti nayo ameifunga. Aligundua mapema kwamba ukimfokea mwanafunzi, hata kile kidogo alichokijua kinamtoka, na gari linaishia mtaroni. Kwa hiyo gari likielekea ukutani yeye husema taratibu, kama mtu anayeomba chumvi, "Tunaweza kukanyaga klachi sasa." Wamefaulu kwake hata wale walioshindikana kwa walimu watatu. Lakini nyumbani upole huo haumsaidii kitu. Mkewe ni fundi cherehani, na kwa hasira hana mpinzani mtaa mzima. Si hasira ya kinyongo: inakuja, inapiga, inaondoka, chai inapikwa. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa Breki amekuwa akimkasirisha bila kufanya juhudi yoyote.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Miezi mitatu kabla ya habari hii, Breki alikuwa na mwanafunzi mmoja mzee ambaye mzunguko wa barabara ulikuwa umemshinda. Akiingia hatoki. Jioni moja akaja nyumbani kuuliza, ikabidi achorewe. Breki akavuta karatasi ya kwanza aliyoiona mezani, akaipindua, akachora mzunguko, njia nne, mishale, na kigari kidogo kilichowasha taa ya pembeni. Mzee akaelewa, akaenda zake amefurahi. Mke akaja, akaipindua karatasi, akakuta ni cheti cha sekondari cha binti yao kitinda mimba, kile chenyewe, chenye mihuri. Maneno aliyoyasema siku hiyo siwezi kuyaandika yote. La mwisho lilikuwa kwamba atakiweka mahali ambapo mkono wa mtu huyu hautafika mpaka kiama, na kweli akakiweka.

Ijumaa jioni binti akarudi na barua kutoka chuo cha ualimu, alikokuwa mwaka wa kwanza. Kila mwanafunzi apeleke cheti halisi ofisi ya usajili Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Asiyepeleka jina lake linafutwa. Kuomba cheti kingine ni miezi sita, ukiwa na bahati. Binti akamwomba mama yake cheti. Mama akainuka haraka kwenda kukichukua, akafika katikati ya chumba, akasimama. Akageuka kushoto, akageuka kulia. Akasema alikiweka mahali pazuri sana.

Jamani, hakuna mahali pabaya duniani kama mahali pazuri sana. Jumamosi asubuhi nyumba iligeuzwa juu chini. Walifunua magodoro, wakamimina unga wote kutoka kwenye debe, wakafungua mifuko saba ya vipande vya vitambaa, wakachungulia hata nyuma ya picha ya harusi, wakamkuta buibui na watoto wake. Na kila mtu alikuwa na ushahidi. Mama aliapa kwamba siku ile ilikuwa Jumanne na bahasha ilikuwa ya kaki. Breki aliapa ilikuwa Alhamisi, bahasha nyeupe, na kwamba yeye hakujibu neno. Binti alikumbuka kabisa mvua ikinyesha na baba akijibu maneno mengi. Walibishana juu ya ugomvi ule mpaka ukakaribia kuzaa mwingine, lakini mama akaacha, akasema labda wao wako sahihi. Hapo ndipo binti alipopata wazo.

Alimvuta baba yake nje, wakaingia garini, akafungua daftari lake la saikolojia. Alieleza kwamba kumbukumbu si sanduku la kufunguliwa na kufungwa. Ubongo kila ukikumbuka jambo unalijenga upya, ndiyo maana watu watatu wana magomvi matatu. Alieleza kwamba ndani humo kuna kijisehemu kilichojikunja kama yule samaki aitwaye farasi wa baharini, nacho ndicho karani wa mambo mapya. Jirani yake wa ukuta mmoja ni kingine kidogo, mfano wa lozi, mlinzi wa hofu na hasira. Lozi akishtuka, karani anaandika kwa wino mzito. Na jambo lililoandikwa mtu akiwa katika hali fulani, mara nyingine hufunguka kwa urahisi akirudi katika hali ile ile. Breki alisikiliza kwa makini, akauliza kama karani huyo huwa anapata likizo.

"Mama alikificha akiwa na hasira," binti akasema. "Sasa hivi ametulia. Ametulia mno."

Breki akauliza, kwa hiyo wafanyeje.

"Umkasirishe, Baba."

Mguu wa Breki ukakanyaga breki.

Binti akamtia moyo. Akamwambia ni kazi ya siku moja tu, na kwamba mama asijue, maana akijua ni mchezo atacheka, na kicheko hakitafungua mlango huo. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi. Basi Breki akaenda kuvua.

Alianza na taulo. Akalitupa bichi kitandani, upande wa mkewe, jambo ambalo mwaka jana lilizaa hotuba ya nusu saa. Mke akaliokota, akalianika. Mchana akasema mboga imezidi chumvi. Mke akaonja, akaomba samahani, akaongeza maji. Alasiri akaamua liwalo na liwe. Akaingia chumba cha mbele, penye cherehani ya kukanyaga na magauni ya wateja ukutani, akashika gauni moja, akasema pindo limekwenda upande, na kwamba fundi wa ng'ambo ya barabara angelinyoosha. Maneno hayo ukimwambia mama huyu, chagua kwanza mlango wa kutokea. Binti, aliyekuwa dirishani na daftari lake, akainama. Mke akalitazama pindo lile, lililokuwa limenyooka kama rula, akalitazama tena. Akaomba samahani, akasema labda ni kweli, macho yake siku hizi hayaeleweki. Akachukua wembe, akaanza kulifumua.

Binti akasema ni mazoea. Kengele ikilia kila siku, mwishowe mtu haisikii, na baba amelia miaka ishirini na sita. Alipendekeza wabadilishe kichocheo, labda baba aunguze kitu. Breki hakucheka. Alikuwa ameuona mkono wa mkewe ukifumua, taratibu, uzi kwa uzi, bila ubishi. Katika ndoa yake yote hajawahi kuombwa samahani mara mbili kwa siku moja, na jambo hilo lilimtisha kuliko kelele zote alizowahi kupigiwa.

Jumapili baada ya chakula cha mchana akamfuata chumbani mwa kushonea. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mke alikuwa anaandika kwenye daftari: kifua, kiuno, urefu wa mkono, mteja mmoja baada ya mwingine. Huyu ni mtu asiyewahi kuandika kipimo. Mteja akiingia mlangoni yeye humtupia jicho, na mikono yake inayajua mabega ya mtu aliyemshonea miaka kumi iliyopita. Breki akavuta stuli, akauliza daftari ni la nini.

Mke akaeleza kwamba mama yake mzazi alianza kusahau hivi hivi. Kwanza funguo, halafu majina ya majirani, halafu njia ya kwenda sokoni. Mwaka wa mwisho alikuwa akimpokea bintiye kwa adabu, kama mgeni.

"Nilimpelekea chai, akanishukuru," mke akasema. "Akaniuliza nakaa wapi na kwetu ni wapi. Mimi, mwanawe." Akafunga daftari. "Nyie mnaona nimetulia. Naogopa, baba watoto. Nikiogopa hivi, hata hasira siipati."

Breki aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi immeze. Mtu mwerevu angemshika mkewe mkono akanyamaza. Breki hakuwa mwerevu, alikuwa mkweli, na wakweli wana matatizo yao. Akaungama yote, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. Kwamba taulo lilikuwa la makusudi. Kwamba mboga ilikuwa tamu. Kwamba pindo lilikuwa limenyooka, na yeye hajaona pindo lililonyooka vile. Kwamba yote yalikuwa ya kumtafutia hasira ili akumbuke cheti, na binti alikuwa akiandika.

"Anaandika nini?" mke akauliza, polepole.

"Unavyojibu," Breki akasema. "Na saa."

Kupitia ukutani walisikia daftari likifungwa chumba cha pili.

"Nimelifumua pindo lile lote," mke akasema. "Nimelala macho wazi nikijua kichwa kinaniacha, kumbe nyie wawili mmenifanya panya wa maabara ndani ya nyumba yangu?"

Stuli ikaanguka, Breki akiwa bado juu yake. Sauti ikatoka mlangoni, ikavuka barabara, na fundi wa ng'ambo akafunga dirisha. Mke akamwita binti yake, akamweleza kwamba alimbeba, akamnyonyesha, akamfundisha kutembea, na hakumwandika daftarini hata siku moja alivyokuwa akianguka. Akamgeukia mumewe. Akamwambia yeye ni mtu ambaye akipewa penseli hata jeneza atalichorea mishale, mtu asiyetazama anachochorea, asiyetazama anachokanyaga, wala asiyetazama anachokalia.

Hapo akanyamaza, mkono ukiwa bado hewani. Akachukua mkasi mkubwa wa kukatia, akatoka nje.

Baba na binti wakamfuata kwa mbali, kwa sababu ya mkasi. Alifungua mlango wa gari, upande wa abiria, akavuta mto ambao Breki huukalia kwa ajili ya mgongo. Yeye mwenyewe aliushona, na jioni ile ya cheti ulikuwa kwenye cherehani, umebaki upande mmoja kufungwa. Akachana mshono. Ndani, katikati ya vipande viwili vya kadibodi, ilikuwemo bahasha, nyeupe. Miezi mitatu Breki alikuwa ameyakalia maisha ya binti yake saa nane kwa siku. Hata jana yake, walipokaa humo garini wakipanga mipango, alikuwa ameyakalia.

Binti akalia, akamkumbatia mama yake, akasukumwa, akakumbatia tena. Mama alikuwa hajamaliza. Alirudi ndani akaendelea, akaanza na taulo, akapitia chumvi kwa kirefu, akafika kwenye pindo, akarudi tena kwenye taulo. Breki alikaa mbele yake akisikiliza, machozi yakimtiririka, na alipoulizwa analia nini hakuweza kusema kwamba ni raha.

Jumatatu cheti kilifika saa nne. Karani wa usajili alikipindua, akauona mzunguko wa barabara, akatazama kigari, akagonga muhuri bila kuuliza. Binti alimsimulia mkufunzi wake kisa chote, akajibiwa kwamba tukio moja halithibitishi lolote, kwamba huenda mama angekumbuka tu hata angeachwa alale, na kwamba ni mwiko kufanya majaribio kwa mtu bila idhini yake, hasa mtu mwenye mkasi.

Na kweli halikuthibitisha lolote. Cheti kilipatikana, lakini hofu haikuwa ya cheti. Breki alikwenda hospitali mwenyewe kumwandikisha mkewe, wakapewa Alhamisi. Jumatano jioni walikuwa wamekaa jikoni, chai mezani. Mke alikuwa akiuzungusha mfuniko wa chupa ya chai, anaufunga, anaufungua.

"Na kama ndiyo hiyo?" akauliza. "Siku nikikutazama nisikujue, utafanya nini?"

Mguu wa Breki ulikuwa umetulia chini ya meza.

"Nitakukasirisha," akasema.

"Wewe? Umejaribu siku nzima ukashindwa."

"Nitajifunza," akasema Breki. Mkewe akamsogezea kikombe.