Mjomba alisema modem yake ya 56 inaishinda faiba yangu ya 20, tukamaliza ubishi juu ya sinia la pilau

Wakuu, habari za mchana.

Hiki kisa ni cha kweli tupu. Mjomba wangu naye ni member humu, nikitia chumvi atanichana kwenye comment ya kwanza.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Kutoka hapa Dunda kwenda Kaole tu najihisi msafiri, naaga mpaka majirani. Elimu yangu form four, kazi yangu kuedit video za harusi nikiwa chumbani kwangu, kwa mama.

Juzi juzi faiba ilifika mtaani tukaunganishwa. 20 Mbps, kutuma na kupokea. Mlipaji mkuu ni mama, mimi nachangia (acheni kucheka).

Sasa Mjomba Shabani, kaka yake mama, zamani alikuwa na internet cafe hapa mjini, enzi za modem ya kupiga kwa simu ya mezani. Ile iliyokuwa inalia kama paka kabanwa mlangoni. Kwenye mambo ya mtandao, mama humwambii kitu kuhusu kaka yake.

Akamwambia mama modem yake ilikuwa 56. Hii ya kwangu 20. Sasa analipia kitu gani kila mwezi?

Mama akaelewa vizuri sana. Akatangaza kwamba Ijumaa tukishakula, mjomba akiwepo, ataamua kama waya unakatwa. Ukikatwa, naenda Mbagala kwa binamu yangu nikafanye kazi studio.

Wakuu, mimi na Mbagala wapi na wapi.

Ijumaa ikafika. Wanaume tumerudi msikitini, pilau imepakuliwa. Nikajitetea kwa lugha ya mama, maana yeye ndiye mpishi mkuu wa shughuli zote mtaani. Nikamwambia ile 56 ya mjomba ni kilobiti, hii 20 ni megabiti, na mega moja ni kilo elfu. Ni kama mmoja anahesabu vibaba vya mchele, mwingine anahesabu magunia.

Mama akasema vibaba hamsini na sita havilishi harusi. Nikaona nimepona.

Mjomba akanawa mikono taratibu. "Maneno hayo. Tuma kitu tuone."

Kitu kilikuwepo. Video ya harusi ya dada yangu, GB nne, mama mdogo anaisubiri Muscat. Hakuweza kuja, na kila siku anaiulizia.

Hapo ndipo nilipojichongea. Nikapiga hesabu kwa sauti: GB nne ni MB elfu nne, gawanya kwa 20, sekunde mia mbili. "Dakika tatu na kidogo tu, mjomba. Hata pilau haitapoa."

Nikabonyeza upload.

Dakika tatu zikapita. Nne hizi hapa. Kwenye screen, asilimia kumi na tano.

"Mpwa wangu," mjomba akasema huku anachambua nyama, "modem yangu angalau ilikuwa na aibu, ikishindwa inakata."

Mama akaniuliza kama begi langu lile la shule bado lina zipu.

Halafu ndiyo nikakumbuka. Ukubwa wa faili unahesabiwa kwa baiti, spidi ya mtandao kwa biti, na baiti moja ni biti nane. Nilisahau kuzidisha kwa nane! Kwa hiyo ni sekunde elfu moja na mia sita, dakika ishirini na saba hivi.

Mjomba akalalamika kwamba nimehamisha goli katikati ya mechi. Nikamwambia sawa, tupige na ya kwako. Faili lile lile, modem ya 56, bila kupumzika: siku sita na nusu na ushee.

"Na siku zote hizo," nikaongeza, "asitokee mtu nyumbani akainua simu."

Mama ndiye aliyecheka, maana anakumbuka wifi yake, mke wa mjomba, akiinua tu simu ya nyumbani iliyokuwa laini moja na cafe, cafe nzima mtandao unakatika.

Mama akanipa muda mpaka kahawa iishe. Mjomba akawa anakunywa haraka haraka, nilimwona.

Kikombe cha mwisho hakijamiminwa, mia kwa mia. Nikatuma link. Punde simu ya mama ikaita, mama mdogo kwenye video call, machozi na kicheko pamoja. Kamwona bibi anacheza. Picha safi, haikwami.

Halafu akauliza, "Kaka Shabani yupo hapo? Muulizeni, lile hotpot alilojaza pilau nyuma ya jiko alikuwa anampelekea nani?"

Mama akaniambia nirudishe video nyuma. Akaangalia mara mbili.

"Waya ubaki," akasema.

Nilichojifunza: mtu akikutajia namba, muulize ni ya nini. Na ukitaka kutamba, zidisha kwanza kwa nane.

Waliowahi kutumia dial-up tupeni visa vyenu. Mjomba, najua unasoma. Hotpot la mama bado halijarudi.