Mioto Sitini ya Muktaben

Muktaben, jirani yetu, aliniita uani kwake Jumanne asubuhi, akafunga mlango nyuma yangu. Mtaani kwetu hakuna anayefunga mlango mchana, kwa hiyo nilijua kuna jambo hata kabla hajaitoa karatasi aliyoificha kwenye mkunjo wa sari.

"Wewe umesoma," alisema. "Nisomee. Usiruke kitu."

Ilikuwa karatasi ya maabara kutoka hospitali, imeandikwa kwa Kiingereza. Nilimsomea taratibu kwa lugha yetu. Damu yake ilikuwa na madini ya risasi, yale mazito ya kijivu yanayowekwa kwenye betri za magari. Kiasi kisichotakiwa kuzidi ni tano. Chake kilikuwa hamsini na mbili.

"Rudia namba."

Nikarudia.

Aliutazama mkono wake wa kulia. Tangu mvua ziishe, kiganja kilikuwa kimelegea, kinaning'inia kama cha mtu aliyelala. Na tumbo lilikuwa linamkata mpaka anajikunja sakafuni. Alikuwa amekwenda hospitali kwa siri, kwa sababu ni aibu dada wa tabibu wa dawa za asili kupanga foleni kwa daktari.

"Yule binti daktari aliniuliza nafanya kazi gani," alisema. "Nikamwambia natengeneza dawa. Akaweka kalamu chini."

Muktaben alirudi kwa kaka yake, Tabibu Prabhashankar, akiwa mjane wa miaka ishirini na sita. Mwaka huu ametimiza hamsini na saba, na muda wote huo kazi yake imekuwa kuua madini. Wenyewe ndivyo wanavyosema, kuua. Risasi huyeyushwa, kisha husagwa kwa utomvu wa shubiri, hukandwa kuwa vidonge bapa na kukaushwa juani. Vidonge hufungwa katikati ya mabakuli mawili ya udongo yaliyozibwa kwa kitambaa na tope, huzikwa katika shimo lililojaa vikate vya samadi kavu, na kuwashiwa moto. Siku ya pili vinatolewa, vinasagwa, kazi inaanza upya. Mioto sitini. Kila moto ukizimika, Muktaben alichovya kidole kwenye rangi nyekundu akaweka nukta ukutani.

Halafu ndipo majivu hupimwa. Ukiyasugua kati ya vidole, yaingie kwenye mistari ya ngozi na yagome kutoka. Ukiyanyunyiza kwenye maji, yaelee. Mwisho unaweka punje ya mchele juu ya majivu yanayoelea. Punje isipozama, risasi imekufa. Si risasi tena, ni dawa. Nimeiona kwa macho yangu punje ile, imetulia juu ya majivu ya Muktaben kama mtu juu ya mkeka. Naye kabla ya kuyatoa hulamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Tabibu alikuwa akiwaambia wageni, "Mimi naandika tu. Dawa iko mikononi mwa Mukta." Muktaben hujifunika uso kwa pindo la sari, lakini kesho yake utamsikia anatwanga kwa nguvu zaidi.

Nilipomaliza kusoma, hakusema lolote kuhusu nafsi yake.

"Falguni," alisema.

Falguni ni mke wa mtoto wa Tabibu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Hii ya tatu ilikuwa na miezi mitano, na tangu mwezi wa pili alikuwa akimeza, asubuhi na jioni, kidonge chenye majivu yale, pamoja na asali na samli. Muktaben ndiye aliyekuwa akimpelekea.

"Daktari anasema inapita kwenda kwa mtoto, inamharibu ubongo. Kweli?"

"Mimi nilisoma fasihi, shangazi, si kemia."

"Sijakuuliza cheti. Kweli au si kweli?"

"Kweli," nikasema.

Akasimama. Alitaka niende naye, niibebe karatasi.

Falguni alikuwa jikoni anageuza mikate ya uwele. Alisikiliza mpaka mwisho huku mkate mmoja ukiungua, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

"Shangazi, mimba ya kwanza sikumeza kitu. Ikatoka. Ya pili nikameza vya hospitali, rangi tatu. Ikatoka. Hii inanipiga mateke. Weka mkono hapa. Weka! Sasa niambie niache."

"Acha wiki mbili tu, mwanangu, tuone."

"Kwako ni wiki mbili. Kwangu ni mtoto." Aliutupa mkate ulioungua kwenye sahani ya makombo ya ng'ombe. "Baba mkwe akisema niache, naacha saa hii hii. Mwingine yeyote, hapana. Hata wewe."

Tabibu alikuwa amekaa kwenye bembea yake ya mbao, mgonjwa wa mwisho ameshaondoka. Aliisoma karatasi mara mbili. Anajua Kiingereza kuliko mimi.

"Hospitali," alisema, kama mtu aliyeambiwa dada yake ameonekana kwenye nyumba ya kamari.

"Nilikuwa naumwa, kaka."

"Na nilipokuuliza ukasema gesi."

"Nilikuambia gesi kwa sababu ungenipa dawa yangu mwenyewe."

Hakucheka. "Sikiliza. Mashine yao inaona risasi. Lazima iione. Ukichoma mfupa wa ng'ombe, mashine itaona chokaa. Je, ng'ombe yuko hai? Wewe unaumwa kwa moshi wa kuyeyusha. Moshi ule ni mbichi, na umeuvuta miaka thelathini na moja. Hilo ni kosa langu, nakuomba radhi. Lakini majivu yameiva. Mimi mwenyewe nayalamba kila siku."

"Wewe una miaka sabini, kaka. Hauko tumboni mwa mtu."

Bembea ikasimama. Alinyanyuka, akaleta bakuli la shaba lenye maji na chupa ya majivu. Akanyunyiza. Yakaelea. Akaweka punje ya mchele. Punje ikabaki juu.

"Ona," alisema kwa upole. Hakuwa mdanganyifu anayejitetea. Alikuwa mtu anayeonyesha kitu anachokipenda. "Hiki ndicho kimemshika mtoto mpaka mwezi huu wa tano. Nikikiondoa leo, kesho mimba ikatoka, nani atamwangalia Falguni usoni? Wewe? Huyo daktari wako?"

Falguni alikuwa amefika mlangoni na gilasi ya maji ya baba mkwe wake, na alisimama pale pale.

"Najua viwanda vinauza sumu," Tabibu aliendelea. "Mioto mitano, sita, wanapaka jina la dawa. Majivu ya namna hiyo yanaweza kuelea ukadanganyika, ndani yana ubichi. Kama haya yangekuwa hivyo ningeyafukia sasa hivi, na Falguni asingegusa kingine. Lakini haya umechoma wewe. Wewe hujawahi kuruka moto hata mmoja."

Nilisikia harufu ya mkate mwingine ukiungua jikoni. Hakuna aliyeujali.

"Niliruka," Muktaben alisema.

"Uliruka nini?"

"Mioto. Kiangazi, tumbo liliponilaza. Nilishindwa kuinuka, nikaona aibu kukuambia. Nikaweka nukta ukutani bila kuwasha. Kumi na tisa. Labda ishirini."

Ulikuwa uongo mtupu. Kiangazi chote, tangu Februari mpaka mvua zilipokaribia, nilikuwa nyumbani nasubiri kazi, na mimi ndiye niliyemsagia shubiri kwa sababu mkono wake ulikuwa umeanza kuchoka. Mioto sitini iliwaka. Vitabu vyangu vinanuka moshi wake hadi leo. Nilifungua mdomo. Muktaben akanitazama, mara moja tu, nami nikaufunga.

Tabibu alikaa chini. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Nukta," alisema. "Ulichora nukta."

"Nilichora."

"Nimewapa watu. Nimempa mtoto wa mwanangu!" Sauti ilimpasuka. "Falguni, usimeze tena. Leta vyote vilivyobaki. Na kesho asubuhi uende ukapimwe damu, huko huko hospitali."

Falguni hakuondoka. Alikuwa anamtazama Muktaben, mkono mmoja tumboni.

"Ulikuwa unaniletea mwenyewe," alisema. "Kila asubuhi. Unakaa mpaka nimeze. Ulikuwa unajua?"

Muktaben angeweza kusema hapana. Lakini aliyeruka mioto lazima awe anajua.

"Nilikuwa najua," alisema.

Gilasi ilivunjika kwenye kizingiti.

Damu ya Falguni ilikutwa na kumi na nane. Daktari alisema wamewahi, ingawa ingekuwa heri wangewahi zaidi, akampa vidonge vya kuongeza madini ya chuma na kalsiamu na tarehe ya kurudi. Tabibu aliifukia chupa nyuma ya nyumba, kisha akawaita wagonjwa wote waliokuwa wamechukua majivu yale, mmoja mmoja, akawaambia sababu. Hakumficha dada yake, na sidhani angeweza. Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa umejua.

"Kuchora anajua, kuwasha ndiyo kazi," walisema wanawake bombani.

"Muktaben, niwekee nukta na mimi, nguo zangu zifuliwe zenyewe!"

Alichota maji yake kwa mkono wa kushoto, akaondoka bila kugeuka.

"Waambie," nilimsihi. "Au niwaambie mimi."

"Ukisema, kaka atampa Falguni tena jioni hiyo hiyo. Nyamaza, mwanangu. Unajua kunyamaza kuliko wote hapa."

Siku ya kumi na mbili Tabibu alikuja uani mwenyewe. Alikuwa amebeba kipande kipya cha risasi kilichofungwa kwenye kitambaa, na majani ya shubiri yaliyokatwa asubuhi ile.

"Nimekusamehe," alisema. "Tuanze upya. Safari hii nitakaa hapa nihesabu mimi."

Muktaben alikuwa anachambua mchele. "Mikono yangu haiaminiki, kaka. Umewaambia watu mwenyewe."

"Mukta, hakuna mwingine anayeijua kazi hii."

"Basi hakuna."

"Unaniadhibu?"

"Nakuambia ukweli. Mikono haiaminiki."

Alisimama juani na mzigo wake. Akautazama ukuta na nukta zake sitini, safu sita, zote zimenyooka. Aliutazama muda mrefu, halafu akanitazama mimi, na mimi nikainamisha macho kwenye kitabu ambacho sikuwa nasoma.

"Mukta," alisema polepole. "Uliruka kweli?"

"Mtoto akizaliwa, niulize tena."

Msichana alizaliwa mwezi Machi, kilo mbili na robo, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wanampima damu kila miezi mitatu, na bado ni mapema kusema. Falguni hampi Muktaben ambebe. Lakini Tabibu huja karibu kila asubuhi, hukaa kwenye ngazi ya ua, hunywa chai, humweleza dada yake uzito mpya wa mtoto na alivyocheka, kisha huondoka kwenda kwa wagonjwa wake, ambao siku hizi huwapa majani na mizizi tu. Hajauliza tena.