Aliingia Kwangu Kusafisha Tarumbeta

Msomaji huyu anatuandikia kutoka Lubumbashi. Jina lake na la kundi lake tumeyaficha, majina mengine tumeyabadilisha. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumjibu.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, sijaolewa. Mchana nauza dawa kwenye famasi, mwisho wa juma napiga tarumbeta katika kundi la ska-punk. Kwa wasioujua, ni muziki wa mbio: gita linakatakata, ngoma zinakimbizana, tarumbeta na tromboni zinajibizana, na mwimbaji anapayuka mpaka mishipa ya shingo inamsimama.

Kundi lilianzishwa na kaka yangu mkubwa, nimwite Yaya Didi, maana kwetu yaya ni kaka au dada mkubwa, ndiye mwimbaji. Babu yetu alishuka kutoka kaskazini kufanya kazi ya reli, na sisi tulikulia katika fanfare ya parokia, bendi ya matarumbeta ya kanisa, kwa hiyo kwetu kupuliza ni kama kusali. Siku moja Yaya aliona kwenye simu watu wanaruka na tromboni mikononi, akaniambia, "Mudogo wangu, siye pia tutapiga hivi." Harusi ya kwanza tuliyopiga, shangazi wa bibi arusi alichomoa waya wa umeme katikati ya wimbo. Tulicheka njia nzima kurudi nyumbani. Kisha tukatoa wimbo juu ya kukatika kwa umeme, redio zikaupenda, vijana wakaanza kuruka nasi, na hata matajiri wa mtaa wa Golf wakatuita kwenye bustani zao.

Hapo ndipo alipoingia Vieux Firmin, yaani Mzee Firmin. Ni mwanaume wa makamo, mpole, anasema taratibu. Ana baffle, zile spika kubwa, jenereta, minibasi, na nyumba mtaa wa Bel-Air ambako alitupa chumba cha kufanyia repetisyon, yaani mazoezi. Bila yeye tungekuwa bado tunaazima gita. Yaya anamheshimu kama baba.

Mwanzoni nilimshukuru kama wengine. Halafu nikaona kwamba kwenye kila konseri anasimama upande wangu na kunirekodi mimi peke yangu. Akaanza kuniambia vitu ambavyo sikumwambia mtu: kwamba nimebadilisha njia ya kwenda kazini, kwamba ile nguo ya kijani ya Jumapili ilinipendeza. Nilikuwa na rafiki wa kiume, tulikuwa tunazungumzia ndoa. Akaacha kupokea simu zangu. Nilipomfuata alikataa kunitazama usoni. "Muzee wenu alikuja kuniona," akasema. "Aliniambia wewe uko na mwenyewe."

Nilimweleza Yaya. Akaniuliza, "Alishakugusa?"

"Hapana."

"Alikutukana?"

"Hapana, Yaya. Lakini mi naogopa."

"Basi unaogopa nini? Ule muntu iko muzuri. Anakupenda tu sababu unapiga muzuri."

Nikahama. Nilipata chumba Kasungami, mbali, kwa mama mmoja mwenye shamba la mahindi. Anwani nilimpa Yaya tu, na ufunguo wa akiba nikamwachia yeye, maana ni ndugu yangu. Kwa wiki chache nililala vizuri.

Juma lililopita nilirudi kutoka kazini, jua bado lipo. Kufuli lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Nikafungua. Tarumbeta langu, ambalo nililiacha chafu chini ya kitanda, lilikuwa juu ya kitanda, limelazwa kwenye kitambaa cheupe, linang'aa. Pistoni, vile vitufe vya kubonyeza, zimetiwa mafuta. Na mto wangu ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu alilaza kichwa pale kwa muda mrefu.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mahindi. Nikampigia Yaya. Akacheka.

"Ah, tayari umeona? Ni mi nilimupa ufunguo. Alitaka kukufanyia surprise."

Nikakata simu.

Kwenye repetisyon nilimfuata Vieux Firmin mbele ya wote. Nilimwambia, "Vieux, usirudie kuingia kwangu." Sauti yangu ilikuwa ndogo, nilijichukia. Yeye hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto mwenye homa.

"Pistoni ya pili ilikuwa inakwama," akasema. "Sasa utapiga muzuri. Na dirisha yako ya nyuma haifunge, mama. Nitakuja kuitengeneza."

Wenzangu walicheka. Mpiga tromboni alininong'oneza kwamba nina bahati, kwamba yeye hana mtu wa kumfikiria namna ile. Mama yetu naye amesema mwanaume anayekutunza hatupwi.

Sasa nalala kwa rafiki yangu wa kazini. Kufuli nimebadilisha, lakini Kasungami siwezi tena kufumba macho. Nimefikiria polisi. Nitawaambia nini? Kwamba mtu ameng'arisha tarumbeta langu?

Na Ijumaa tunasafiri. Likasi, Kolwezi, halafu tunavuka mpaka kwenda kupiga Zambia, mara ya kwanza kundi letu kutoka nje ya nchi. Ndiyo ndoto ya Yaya tangu ile harusi. Mpiga ngoma ameacha kazi kwa ajili yake. Gari ni la Vieux Firmin, dereva ni Vieux Firmin, na yeye ndiye aliyepanga wapi kila mmoja atalala. Jana Yaya alinionyesha mpango huo kwa furaha. Vyumba vyote ni vya watu watatu watatu. Katika changu niko peke yangu, nacho kiko karibu na cha Vieux.

Nilimwambia Yaya siendi. Akasema, "Bila tarumbeta hakuna kundi. Ukibaki, ni wewe njo umetuua."

Nampenda kaka yangu. Naupenda huu muziki kuliko kitu chochote nilicho nacho. Lakini kila nikilipeleka lile tarumbeta mdomoni, nasikia harufu ya mafuta yake, na pumzi inakataa kutoka.

Dada zangu, kaka zangu mnaosoma hapa, nisaidieni kufikiri, maana peke yangu nimeshindwa. Ninyi, Ijumaa asubuhi, mngepanda ile minibasi?